Ukumbi Mkubwa au Chumba Kidogo? Uhakiki wa Mahali pa Kunasia Sauti

Katika mazungumzo ya walimu wa Kiswahili wa hapa Ruziba na mitaa ya jirani kumezuka hoja ambayo twaona haifai kuachwa ipite bila ya kuchunguzwa. Hoja yenyewe ni kwamba kazi yoyote ya kunasa sauti, iwe ya muziki, ya ushairi au ya masimulizi ya wazee, ikitakiwa kuwa na hadhi, sharti ifanywe katika ukumbi mkubwa. Wenye hoja hii hupenda kutoa mfano wa piano. Husema kuwa wenzetu wa Ulaya hawaiingizi piano kubwa chumbani wanapotaka kuirekodi, bali huipeleka katika jumba. Kutokana na mfano huo hukata shauri kwamba nasi, tunapotaka kuhifadhi maneno ya wazee wetu, tuombe ukumbi ulio mkubwa kuliko zote tuwezazo kuzipata.

Sisi tulikuwa miongoni mwa walioikubali hoja hii, tena tuliitenda. Matokeo yake tutayaeleza kabla ya kumaliza. Madhumuni ya makala haya ni kuuchunguza kwanza mfano wa piano wenyewe, kisha kuupima kwa kazi mbili za sauti zilizotoka katika nchi yetu na kusikika duniani, yaani ngoma za Burundi na inanga ya kunong'ona. Mwisho tutaipima kazi yetu wenyewe, kwa kuwa mhakiki asiyejihakiki hana haki ya kuwahakiki wengine.

CHUMBA NACHO NI ALA

Mtu anaposema ndani ya chumba, msikilizaji hapati sauti moja. Hupata kwanza ile inayotoka kinywani moja kwa moja, kisha zile zilizogonga ukuta, sakafu na dari zikarejea. Katika joto la nyuzi 20 sauti husafiri takriban meta 343 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti iendayo kwenye ukuta ulio umbali wa meta 3 na kurudi hutumia chini ya sehemu mbili katika mia za sekunde. Sikio haliwezi kuitenga na ile ya kwanza, bali huzichanganya na kuzihesabu kuwa kitu kimoja. Ukuta ukiwa mbali, hata marejeo yakawa ya kutengeka, twapata mwangwi. Marejeo yakiwa mengi, yakafuatana na kufifia polepole, twapata kitu ambacho katika makala haya tutakiita mvumo.

Aliyetufundisha kuupima mvumo ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa kuutibu ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo sauti ilidumu kwa zaidi ya sekunde 5 baada ya msemaji kunyamaza, hata maneno yakawa yanakanyagana. Sabine hakuwa na mitambo ya siku hizi. Alitumia filimbi ya kinanda cha upepo, saa ya kuhesabia sekunde, masikio yake, na mito ya kukalia aliyoihamisha usiku kutoka katika ukumbi mwingine. Aliongeza mito michache, akapima. Akaongeza mingine, akapima tena. Mwishowe akapata kanuni ambayo hadi leo hutumika: chukua ujazo wa chumba kwa meta, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya uwezo wa kunyonya sauti wa vyote vilivyomo chumbani. Jibu ni idadi ya sekunde ambazo mvumo hudumu.

Tuitumie kanuni hiyo katika darasa letu la kawaida. Tuseme lina urefu wa meta 8, upana wa meta 6 na kimo cha meta 3. Ujazo wake ni meta 144 za ujazo, na eneo la kuta, sakafu na dari yake ni meta 180 za mraba. Saruji tupu hunyonya sauti kidogo mno. Tukadirie sehemu 3 katika 100. Darasa hilo likiwa tupu, madirisha yamefungwa, mvumo utadumu kwa takriban sekunde 4.3. Tukifungua madirisha yenye jumla ya meta 8 za mraba, utashuka hadi sekunde 1.7, maana dirisha lililo wazi humeza sauti yote ipitayo. Tukiwaingiza wanafunzi 30, tukimhesabia kila mmoja sehemu tatu katika kumi za meta moja ya mraba, tutafika sekunde 1 hivi. Chumba ni kile kile, kuta ni zile zile, lakini sauti si ile. Wahenga wetu waliosema kuwa debe tupu haliachi kuvuma walikuwa wamelijua jambo hili kabla ya Sabine, ingawa hawakuliandikia kanuni.

Kwa hiyo swali la ukubwa wa chumba haliwezi kujibiwa kwa kamba ya kupimia peke yake. Ukubwa ni sehemu ya kwanza ya jibu. Sehemu ya pili ni kilichomo ndani, na ya tatu ni umbali uliopo baina ya maikrofoni na mwenye kutoa sauti.

MFANO WA PIANO

Sasa tuirudie piano. Tunayoizungumzia ni ile kubwa ya kulala, ambayo wenye Kifaransa huiita piano yenye mkia. Zile za kumbi za tamasha huwa na urefu wa zaidi ya meta 2.7. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88. Noti yake ya chini kabisa ni ya mitetemo 27.5 kwa sekunde, na ya juu kabisa ni ya mitetemo 4,186. Tukiigawa kasi ya sauti kwa mitetemo hiyo twaona kwamba wimbi la noti ya chini lina urefu wa meta 12 na nusu, na lile la noti ya juu halizidi sentimeta 9. Ala hii moja, basi, hutoa mawimbi marefu kuliko nyumba na mengine mafupi kuliko shibiri ya mtu mzima.

Hapo ndipo wenye hoja ya ukumbi mkubwa wanapokuwa na haki. Piano ikiingizwa katika chumba cha meta 3 kwa meta 3, sauti itakwenda na kurudi baina ya kuta na kujirundika katika mitetemo 57 kwa sekunde, na tena katika 114 na 171. Noti zinazoangukia hapo huvimba, na jirani zake hupotea. Mpigaji hubonyeza kwa nguvu ile ile, lakini santuri hutoa noti moja kama mtu anayepiga kelele na nyingine kama mgonjwa. Chumba kikiwa sawa pande zote, na kimo nacho kikiwa sawa na pande hizo, ubaya huongezeka, maana pande tatu huvimbisha noti zile zile. Aidha dari fupi huirudisha sauti upesi mno juu ya piano na kuifanya isikike kama imefungiwa kabatini.

Kwa sababu hizo, mwenye kutaka kurekodi piano kubwa hana budi kutafuta chumba chenye urefu, upana na kimo vinavyotofautiana. Tukiulizwa kadiri, twaweza kusema kwamba meta 8 kwa 6 kwa 4 ni mwanzo wa heshima, na zaidi ya hapo ni bora, mradi mvumo uwe wa sekunde moja hadi moja na nusu. Ukipungua sana, piano huwa kavu kama mfupa. Ukizidi sana, noti za wimbo hulala juu ya nyingine kama mikeka.

Hata hivyo historia ya piano katika santuri haiungi mkono imani kwamba ukubwa ni hadhi. Kabla ya mwaka 1925, wakati sauti ilipokuwa ikinaswa kwa pembe na si kwa umeme, wapigaji walisongamana mbele ya pembe katika vyumba vidogo, kwa kuwa pembe haikusikia cha mbali. Mtambo ndio ulioamua chumba. Ilipokuja maikrofoni, chumba kikaanza kusikika. Glenn Gould wa Kanada aliporekodi gwaride la tofauti za Bach lijulikanalo kama Goldberg mwaka 1955 huko New York, studio yenyewe ilikuwa kanisa la zamani lenye dari ya juu sana. Lakini aisikilizaye santuri ile hasikii kanisa. Husikia vidole, na kila noti imesimama peke yake. Chumba kilikuwa kikubwa, na maikrofoni zilisogezwa karibu. Naye Keith Jarrett, alipopiga katika jumba la opera la Köln, Ujerumani, tarehe 24 Januari 1975, alipewa piano ndogo isiyolingana na ukumbi ule, iliyokuwa dhaifu katika noti za chini na za juu. Akakaa zaidi katika noti za kati, akairudiarudia mikono yake mpaka ukumbi ukajaa. Rekodi ile ikapendwa duniani kote. Hatusemi kwamba piano mbovu ni baraka. Twasema kwamba aliyeshinda pale alikuwa amekisikiliza chumba na ala kama vilivyokuwa, si kama alivyotamani viwe.

Sisi Waswahili tunalo funzo letu pia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kwenda kurekodi nyimbo zao. Safari ile ndefu ilikuwa ya kufuata mtambo na chumba cha kunasia. Sauti yenyewe ilikuwa imekwisha kukamilika Unguja, katika baraza na vyumba vya nyumba za watu. Bombay haikumpa Siti sauti, bali ilimpa mahali pa kusikiwa.

NGOMA NA VINANDA: SANTURI YA MWAKA 1971

Tuje nyumbani. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke, Mfaransa, alinasa muziki wa Burundi, na mwaka uliofuata ukatolewa kwa santuri na kampuni ya Ocora ya Paris. Miongoni mwa yaliyomo ni ngoma za kifalme zikipigwa na kundi la watu wapatao 25. Itakumbukwa kwamba ufalme wenyewe ulikuwa umekomeshwa Novemba 1966. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma, na pia lina maana ya ufalme. Kwa hiyo aliyenasa ngoma zile alinasa sauti ya kitu ambacho maana yake ya pili ilikuwa imekwisha kuondoka miezi michache tu iliyopita.

Ngoma zile hazina chumba. Huchongwa kwa mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme, na hupigwa uwanjani. Kundi zima la ngoma likiingizwa katika darasa letu la meta 144, hakuna kitakachosikika ila ghasia. Chumba chake ni mlima, kama kule Gishora karibu na Gitega, ambako mvumo huenda zake na haurudi. Ukisikiliza rekodi ile wasikia ngoma zenyewe, na nyuma yake nafasi iliyo wazi.

Mwaka 1971 mwanamuziki wa Kifaransa aliyejiita Mike Steiphenson alichukua rekodi ile, akaipachika vinanda na magitaa, akaitoa kwa jina la "Burundi Black". Ilipata soko, hata ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza, na mwaka 1981 ikatolewa upya. Baina ya miaka hiyo, mwaka 1975, Joni Mitchell naye alizitumia ngoma za Burundi katika wimbo wake mmoja. Wako wanaoisifu "Burundi Black" kwa kuwa iliifikisha ngoma yetu mbali. Sifa hiyo hatuikatai. Lakini mhakiki wa sauti ana neno.

Kosa la santuri hii, kwa masikio yetu, ni la chumba. Ngoma zimenaswa kijijini, na vinanda vimenaswa studio, ndani ya kuta nne. Vimewekwa pamoja kana kwamba wapigaji walikuwa mahali pamoja, lakini sikio halidanganyiki kwa urahisi. Vinanda viko karibu, mbele ya uso wa msikilizaji. Ngoma ziko nyuma, mbali, kama pazia. Wenye nyumba wamegeuzwa kuwa uwanja wa kuchezea mgeni. Hata jina la msanii lililoandikwa, Burundi Steiphenson Black, lamtaja mtu mmoja na nchi nzima, na wapigaji wale 25 hakuna atajwaye. Ndipo tunaposema kwamba uchaguzi wa mahali pa kunasia si jambo la mafundi peke yao. Huamua nani atasikika kuwa mtu, na nani atasikika kuwa mandhari.

Ngoma zile hazikufa kwa hilo. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini anayetaka kuwafundisha vijana maana ya ngoma na aanze na rekodi ya mwaka 1967, si na ile ya 1971.

INANGA: JAMBO KUBWA KWA SAUTI NDOGO

Mfano wa pili ni kinyume cha ngoma. Inanga ya Burundi ni ubao uliochongwa kama sahani ndefu, wenye uzi mmoja uliopitishwa mara nyingi hata ukawa nyuzi kadhaa. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulisikia jina hilo bila ya kulikumbuka neno letu kinanda, ambalo kabla ya kupewa piano lilitumika kwa ala za nyuzi. Mpigaji huikalisha inanga mbele yake, akapiga nyuzi kwa vidole, na badala ya kuimba, hunong'ona.

Ajabu yake ni hii. Mnong'ono hauna noti, kwa kuwa nyuzi za kooni hazitetemi. Lakini amsikilizaye mwenye inanga huapa kwamba mnong'ono unaimba. Cornelia Fales, mtaalamu wa muziki wa Marekani, aliuchunguza muujiza huu na kuuandikia mwaka 1998 na tena mwaka 2002. Noti hutoka katika nyuzi, na maneno hutoka katika pumzi. Sikio la msikilizaji huviunganisha na kuamini kwamba vyote vimetoka kinywani. Wimbo wenyewe, basi, haumo katika inanga wala haumo katika kinywa. Umo katika kichwa cha msikilizaji.

Tujiulize sasa: wimbo wa namna hii uwekwe katika chumba cha ukubwa gani? Tukiupeleka katika ukumbi mkubwa mtupu, nyuzi zitavuma na kudumu, kwa kuwa noti zake zina nguvu. Mnong'ono hautadumu. Umetengenezwa kwa sauti za s, sh, f na h, ambazo ni nyepesi, hufia hewani, na hufunikwa na mvumo wa nyuzi. Kitakachobaki ni mtu anayepiga nyuzi, na pembeni yake mtu mwingine anayehema. Ule muungano utavunjika. Chumba kikubwa hakitakuwa kimeupamba wimbo, bali kitakuwa kimeuua.

Inanga yataka chumba kidogo chenye vitu vya kunyonya sauti: mikeka, nguo, watu waliokaa karibu. Yaani yataka nyumba, usiku, watu wachache wamenyamaza. Mahali palipoizaa ndipo panapoifaa.

KAZI YETU WENYEWE

Sasa twatimiza ahadi. Miaka michache iliyopita sisi na walimu wenzetu tuliazimia kuwarekodi wazee wa hapa Ruziba wanaokumbuka Kiswahili cha wavuvi wa ziwa Tanganyika kilivyokuwa ujanani mwao. Tulitaka kupata mazoezi ya imla na ya kusikiliza kwa wanafunzi wetu, ili wajue kwamba lugha hii haiko Dar es Salaam na Mombasa tu, bali hata hapa ndagala zinapoanikwa. Tukamwomba mzee mmoja mvuvi, naye akakubali. Na kwa kuwa tulimheshimu, tukamtafutia mahali pa heshima. Tulipata ukumbi mkubwa wa saruji, dari ya juu, viti vichache. Tukamkalisha jukwaani kama piano ya tamasha, na simu ya kurekodia tukaiweka juu ya meza, hatua tatu mbali naye, ili isimsumbue.

Mzee alisimulia kwa saa nzima. Sehemu ya mwanzo yasikika vizuri, maana alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka mtumbwini. Kisha akafika katika habari ya usiku ambao mtumbwi wao ulipinduliwa na dhoruba, na kaka yake akachukuliwa na maji hadi ufuko wa kijiji kingine. Hapo, kama wafanyavyo watu wote wanapofika penye uzito, akaishusha sauti. Akasema kwamba watu wa kijiji kile walimkuta alfajiri, wakam... Neno linalofuata hatulijui. Wanafunzi 38 walipoandika imla ile, wengine waliandika "wakamshika", na wengine "wakamzika". Sisi walimu tuliisikiliza mara nyingi, kwa visikizi na bila visikizi, na hatukukubaliana. Baina ya sh na z kuna tofauti ndogo ya pumzi na mtetemo wa koo. Ukumbi ule uliimeza tofauti hiyo, ukaturudishia mvumo wa irabu za neno lililotangulia.

Pale ukumbini hatukumwuliza, kwa kuwa tulikuwa tumekaa mbali naye, tena tulidhani mtambo umesikia. Tulipotambua kosa, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Baadaye mjukuu wake alikuja kuomba kuisikiliza sauti ya babu yake. Alisikiliza hadi pale, akatutazama, akauliza: "Mwalimu, amesema walimfanya nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Mtoto yule hakuwa akiulizia mtihani wa imla. Alikuwa akiulizia ukoo wake.

Twaomba wenzetu wazingatie kwamba katika Kiswahili maana nyingi hubebwa na vipande vidogo. "Alimwita", "alikwita" na "alitwita" hutofautiana kwa herufi moja tu. Lugha ya namna hii haiwezi kustahimili mvumo wa sekunde nne. Chumba kinachofuta herufi hakijapunguza uzuri wa sauti tu. Kimebadilisha sarufi, na pengine kimembadilisha aliyetendwa.

HUKUMU NA MAPENDEKEZO

Kosa letu, basi, halikuwa kuufuata mfano wa piano, bali kuufuata nusu. Tuliona jumba, hatukuona kwa nini jumba. Piano hupelekwa katika chumba kikubwa kwa sababu ina mawimbi ya meta 12. Mzee yule hakuwa na mawimbi hayo. Sauti ya mwanamume asemapo huanzia penye mitetemo 100 hivi kwa sekunde, na konsonanti zake ziko juu sana kuliko hapo. Hakuna alichokihitaji katika ukumbi ule ila adabu yetu, na adabu tungeweza kumwonyesha kwa njia nyingine.

Kutokana na hayo twatoa kanuni moja, ambayo twaamini yatosha kwa piano, kwa inanga na kwa mzee: chumba kichaguliwe kwa ajili ya sauti ndogo kuliko zote itakayotolewa humo, si kwa ajili ya ile kubwa kuliko zote. Hata piano huishi kwa kanuni hii. Uzuri wa mpigaji hujulikana pale noti ya mwisho inapofifia chini ya kidole chake, na chumba kinachoifunika noti hiyo hakifai, hata kikiwa na nafasi ya watu elfu.

Kwa wenye nia ya kuendelea na kazi ya kuhifadhi masimulizi, twapendekeza haya:

1. Mzee arekodiwe nyumbani kwake, katika chumba anacholala au anachopokea wageni, penye godoro, nguo zilizotundikwa na vitenge mlangoni. Mvumo wa nusu sekunde, au pungufu kidogo, wafaa sana kwa maneno.

2. Kabla ya kuanza, mwalimu apige kofi moja katikati ya chumba na kusikiliza. Kofi likijibiwa na kuta, ziongezwe nguo au watu.

3. Maikrofoni iwekwe karibu na kinywa, umbali wa shibiri moja au mbili. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti ya moja kwa moja hubaki robo, na mvumo hubaki vile vile.

4. Kazi ifanywe kiangazi, baina ya Juni na Agosti, kwa kuwa mvua juu ya bati haina msamaha.

5. Mwalimu akae karibu na msimulizi, amtazame kinywani, na neno lisiposikika aulize pale pale. Hakuna mtambo unaoweza kuuliza.

Piano kubwa ya kulala hatuna hapa Ruziba, wala hatutazamii kuletewa moja kesho. Lakini wazee wangali wapo, ingawa wanapungua, na vyumba vidogo vyenye godoro na nguo ukutani vimejaa kila mtaa. Msikilizaji wa kazi zetu zijazo hatauliza kama ukumbi ulikuwa na hadhi. Atauliza alivyouliza mtoto yule: amesema nini? Na tufanye kazi kwa namna ambayo tutaweza kumjibu.